Kuzisimamisha Silinda za Haidroli Mahali Palepale katika Mashine ya Kufyatulia Matofali: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu mashine gani hasa?

Yanahusu mashine ya kufyatulia matofali ya udongo na saruji ambayo fundi ameiunda mwenyewe karakanani kwa mabamba, vyuma vya pembe na silinda za haidroli zilizonunuliwa mpya au kutolewa katika trekta na mitambo chakavu. Mashine ya mkono inayojulikana zaidi katika ukoo huu ni CINVA-Ram, iliyobuniwa na Raúl Ramírez huko Bogotá, Colombia, katika miaka ya 1950. Wenzo wa mashine ile humaliza mwendo wake mahali palepale kila mara, kwa kuwa umbo la chuma ndilo linaloamua. Anayeuondoa wenzo na kuweka silinda hupata nguvu kubwa zaidi, lakini hupoteza kikomo alichokuwa akipewa bure, na sehemu kubwa ya maswali yaliyomo humu inatokana na hasara hiyo moja.

Ili hesabu zisielee hewani, mfano utakuwa mmoja: pistoni yenye kipenyo cha mm 100, pampu ya lita 20 kwa dakika, na vali ya usalama iliyowekwa ifunguke shinikizo likifika baa 150. Silinda hiyo husukuma kwa nguvu ya takriban kilonewtoni 118, yaani tani 12 hivi, na hutembea mm 42 kwa sekunde. Silinda kuu imesimama wima na hushindilia udongo kutoka chini dhidi ya kifuniko. Silinda ndogo ya mlalo huendesha droo inayoleta udongo na kulisukuma nje tofali lililokwisha kufyatuliwa.

Ninaifunga vali kwa wakati uleule kila mara. Kwa nini silinda haisimami mahali palepale?

Kwa sababu ulichokipima ni muda, na muda haugeuki kuwa umbali mpaka uzidishwe kwa kasi, nayo kasi ya silinda haitulii. Hutegemea mzunguko wa injini inayoendesha pampu, mafuta yanayovuja ndani ya pampu yenyewe shinikizo linapopanda, ugumu wa udongo unaosukumwa, na zaidi ya yote joto la mafuta.

Vali nayo haifungi papo hapo. Vali ya umeme ya kawaida huchukua sehemu za mia za sekunde tangu mkondo ukatwe mpaka kigoda chake (kipande cha ndani kinachoteleza kufungua na kufunga njia za mafuta) kirudi katikati. Tukisema inachukua sekunde 0.05, silinda ya mfano wetu itakuwa imeendelea mbele kwa mm 2 hivi. Hizo mm 2 si tatizo kama ni zilezile kila mara, kwani unaweza kuisogeza nyuma swichi inayokata mkondo kwa kiasi hichohicho. Tatizo ni pale muda wa kufunga unapokuwa mara sekunde 0.04 na mara 0.06 kwa sababu ya volti ya betri au mafuta mazito. Tofauti hiyo peke yake ni karibu mm 1 ya tofali. Ukipunguza mwendo uwe robo katika sentimita ya mwisho, kosa nalo linakuwa robo, na ndiyo maana mashine zilizoundwa vizuri huenda kwa kasi mbili: haraka wakati pistoni inasafiri bure, polepole inapokaribia kusimama.

Vali ya mkono ina kasoro zote hizi pamoja na moja ya ziada, ambayo ni mkono wa mwendeshaji aliyechoka.

Nilifundishwa kwamba mafuta hayagandamiziki. Je, si kweli?

Ni kweli kwa hesabu za darasani tu. Mafuta ya haidroli hupungua ujazo kwa takriban asilimia 1 shinikizo linapofika baa 150. Kama silinda na mipira yake ya kupitishia mafuta ina lita 1.5 za mafuta, asilimia hiyo ni sentimita za ujazo 15, na kwa pistoni ya mm 100 hiyo ni karibu mm 2 za mwendo ambazo pistoni huzipata au kuzipoteza shinikizo linapobadilika, hata kama vali imefungwa kabisa. Mipira ya shinikizo nayo hutanuka, hivyo mpira mrefu kati ya vali na silinda huongeza mnyumbuko. Uufupishe, au uweke bomba la chuma pale ambapo hakuna kinachosogea.

Hewa ni adui mbaya zaidi. Sentimita za ujazo 100 za hewa iliyonaswa kichwani mwa silinda hubanwa karibu zipotee kabisa kwenye baa 150, na pistoni hurudi nyuma zaidi ya sentimita 1. Mashine inayosimama vibaya kwa kiasi kinachobadilika siku hadi siku ichunguzwe hewa kabla ya jambo jingine lolote: je, mafuta kwenye tangi yana povu, mpira wa kufyonza umelegea, bomba la kurudishia linamwaga juu ya uso wa mafuta badala ya chini yake? Silinda huondolewa hewa kwa kuiendesha mwendo wake wote mara kadhaa bila mzigo, milango yake (matundu ya kuingizia na kutolea mafuta) ikiwa imeelekea juu.

Nisimamishe silinda kwa nafasi au kwa shinikizo?

Hapa ndipo penye uamuzi wenyewe, na mafundi wengi hununua vihisi kabla hawajauamua. Kiasi cha udongo kinachoingia katika kalibu hakiwi sawa kila mara hata ukijaza mpaka ukingoni, kwa kuwa udongo wenye unyevu zaidi hushikamana na kuacha matundu, na uliochekechwa vizuri hujaa zaidi kuliko wenye madonge. Ukisimamisha pistoni kwenye nafasi moja, matofali yote yatakuwa na kimo kimoja lakini uimara utatofautiana. Ukiisimamisha kwenye shinikizo moja, yatakuwa na msongamano unaokaribiana lakini vimo vitatofautiana. Huwezi kushika vyote viwili kwa haidroli peke yake. Kile kingine hushikwa kwa beleshi na mizani, kabla udongo haujaingia kwenye kalibu.

Kwa matofali ya kufungamana, yale yanayopangwa bila chokaa au kwa chokaa kidogo sana, kimo ndicho kitawale. Hakuna tabaka la chokaa la kuficha tofauti, na ukuta wa mistari 25 ambao upande mmoja umepata matofali yaliyozidi kwa mm 1 utaishia na mwinamo wa mm 25 kwenye mkanda wa juu. Kwa matofali ya kawaida yanayolazwa kwa chokaa ya sentimita moja au zaidi, shinikizo laweza kutawala, na mwashi atasawazisha vimo bila kulalamika sana.

Ukichagua kimo, unapata njia rahisi ya kukagua uimara ambayo haihitaji kifaa chochote cha umeme. Kwa kuwa ujazo wa tofali sasa haubadiliki, uzito wake linapotoka mashineni unakuambia msongamano wake. Tofali la sentimita 29 kwa 14 kwa 11.5 lina ujazo wa karibu lita 4.7, likiwa na msongamano wa kilo 2 kwa lita litakuwa na kilo 9.3 hivi, na upungufu wa gramu 200 ni ishara ya udongo haba wa takriban asilimia 2. Mizani ya sokoni inatosha. Binafsi ningeinunua mizani kabla ya kihisi chochote, tena ningeuweka uzani upande wa kuingizia, udongo wa kila tofali upimwe kabla ya kumwagwa.

Wapo wanaosoma geji ya shinikizo pistoni ikiwa imekwisha kugusa kikomo, kisha wanashangaa kwamba inaonyesha baa 150 siku zote. Lazima ionyeshe hivyo, kwa kuwa kikomo kikishaguswa pampu hupanda hadi kwenye vali ya usalama bila kujali kilichomo katika kalibu. Shinikizo lenye maana ni lile la mm 2 au 3 kabla ya kugusa.

Kikomo cha chuma kinatengenezwaje?

Wazo ni kwamba nguvu inayozidi ile ya kushindilia udongo isiachiwe vali iizuie, bali ipite kwenye vipande vya chuma kutoka bamba linalosukumwa hadi kwenye fremu. Weka vipande vinne, kimoja kila pembe ya bamba, au viwili vinavyotazamana vikiwa nje ya kalibu. Kimoja peke yake hakifai, kwa sababu bamba litainama kuelekea upande usiozuiwa na kukwaruza kuta za kalibu.

Chuma cha kawaida kinatosha. Nondo nne zenye kipenyo cha mm 30 zikibeba tani 12 zote, kila milimita ya mraba hubeba newtoni 42 hivi, kiwango kilicho mbali na mahali ambapo chuma laini huanza kubonyea. Udhaifu huja pengine: kwenye weldingi iliyovutwa kwa pembeni, au kwenye bolti ndefu iliyotumiwa kama kikomo bila nati ya kufungia. Bolti ya M24 yenye nati pana hufanya kazi vizuri wakati wa kutafuta kimo sahihi. Ukishakipata, ni afadhali kuiondoa na kuweka kipande kigumu kilichokatwa kwa urefu ule, pamoja na vibati vyembamba vya kurekebisha, kwa kuwa mtikisiko wa injini hulegeza kila kilichofungwa kwa hesi.

Uchafu unastahili kutajwa peke yake. Udongo humwagika kila mara unapojaza kalibu, na chembe moja ya changarawe ikikaa juu ya kikomo huongeza kimo cha tofali kwa unene wake. Kwa hiyo uso wa kugusana uwe mdogo na wenye mbinuko wa kuelekea nje ili chembe zianguke, na kama umbo la mashine linaruhusu, kikomo kielekezwe chini kisipokee kitu. Brashi ya rangi iliyofungwa kwa kamba kwenye fremu itafanya kazi kubwa kuliko bei yake.

Fremu nayo hurefuka. Nguzo mbili zenye jumla ya sentimita za mraba 40 za chuma na urefu wa mita 1 hurefuka karibu mm 0.15 chini ya tani 12, jambo lisilo na uzito. Lakini kifuniko kilichotengenezwa kwa bamba jembamba hupinda mara nyingi ya hapo katikati, na tofali hutoka na mgongo. Kikomo hakiwezi kukusaidia kwa hilo. Ongeza mbavu juu ya kifuniko.

Je, siwezi kutumia mwisho wa silinda yenyewe kama kikomo?

Unaweza, kwa masharti. Silinda inaporudi hadi mwisho, pistoni hukaa kwenye kichwa cha nyuma ambacho kwa kawaida ni kinene, na kwa kasi ndogo hakuna madhara. Inapotoka hadi mwisho, nguvu yote huishia kwenye hesi au pete ya kichwa cha mbele, ambapo fimbo hupitia na sili hukaa, na hapo sipendekezi kazi ya kila siku kwa shinikizo kamili. Silinda za zana za kilimo huwa na suluhisho zuri la upande wa kurudi: vipande vya nusu duara vinavyovishwa kwenye fimbo ili isiingie yote. Vinauzwa kwa unene tofauti, na fundi wa leith anaweza kukuchongea.

Pampu ikiendelea kusukuma dhidi ya kikomo, kuna hasara gani?

Mafuta yote hupita kwenye vali ya usalama na nguvu yote hugeuka joto. Lita 20 kwa dakika kwenye baa 150 ni kilowati 5, na tangi dogo hupata moto upesi. Tumia kupanda ghafla kwa shinikizo kama ishara: swichi ya shinikizo iliyowekwa baa 10 au 15 chini ya vali ya usalama ikate umeme wa vali pindi kikomo kinapoguswa. Mpangilio huu ndio ninaouona bora kwa mashine ya karakanani. Chuma kinaamua mahali, shinikizo linatoa taarifa kwamba mahali pamefikiwa, na kuchelewa kwa vali hakubadilishi chochote kwa sababu pistoni haina pa kwenda.

Vali ya usalama yenyewe isitumiwe kama chombo cha kupimia kimo, wala isikazwe kila tofali linapokuja dhaifu.

Swichi za kikomo na vihisi vina nafasi gani basi?

Vina nafasi kubwa pale ambapo hakuna nguvu kubwa ya kuzuia na usahihi wa mm 2 au 3 unatosha, kama vile kuijulisha mashine kwamba droo imeondoka juu ya kalibu. Swichi ya roda iguswe na mshazari mrefu, isigongwe uso kwa uso. Kihisi kinachotambua chuma bila kugusana huvumilia vumbi vizuri zaidi, lakini kumbuka kwamba mahali kinapowaka wakati chuma kinakaribia si mahali kinapozima wakati chuma kinaondoka. Kwa hiyo soma ishara kutoka upande mmoja tu wa mwendo. Shabaha, yaani chuma kinachotambuliwa, ipite mbele yake kwa ubavu, kwani ikikijia uso kwa uso siku moja itakiponda.

Kipimo cha mstari kinachoonyesha nafasi ya pistoni wakati wote kina faida yake, hasa kama unataka kubadilisha kimo cha tofali mara kwa mara. Hata hivyo, hakiondoi mnyumbuko wa mafuta wala uchelewaji wa vali.

Asubuhi matofali yanakuwa mazuri, mchana yanabadilika. Nifanyeje?

Mashine yako inategemea muda mahali fulani. Mafuta ya daraja la 46 hupimwa uzito wake wa kutiririka kwenye nyuzi 40. Kwenye nyuzi 20 huwa mazito zaidi ya mara mbili, na yakipata moto wa nyuzi 60 au 70 huwa mepesi kiasi cha kuvuja zaidi ndani ya pampu na vali. Tafuta kila hatua inayoongozwa na saa katika kidhibiti chako na uiwekee kikomo au kihisi. Mpaka utakapomaliza, iendeshe mashine bila udongo kwa dakika chache kabla ya kuanza kazi, na matofali ya mwanzo uyahesabu kuwa ya majaribio.

Silinda inasimama vizuri, kisha inateremka yenyewe. Kosa liko wapi?

Wengi hufungua silinda na kubadilisha sili, na mara nyingi wanasumbuka bure. Ikiwa milango yote miwili ya silinda imezibwa kwelikweli, sili ya pistoni iliyochakaa haiwezi kuifanya silinda inayobeba mzigo wima kwa chini iteremke mpaka mwisho: mafuta yanayopenya kwenda upande wa fimbo hukosa nafasi, kwa kuwa fimbo imechukua sehemu ya ujazo wa upande huo. Shinikizo hupanda pande zote mbili, pistoni hushuka kidogo, halafu mzigo hubebwa na eneo la fimbo peke yake. Kwa hiyo silinda inayoendelea kuteremka bila kukoma inakuambia kwamba mafuta yanatoka kupitia vali au yanavuja nje. Vali ya kigoda huvuja kidogo hata ikiwa mpya, kwa kuwa kigoda na tundu lake vimeachana kwa nafasi ndogo ili kiweze kusogea.

Dawa yake ni vali ya kuzuia kurudi inayofunguliwa kwa shinikizo la upande wa pili, ifungwe moja kwa moja kwenye mlango wa silinda, si mwisho wa mpira. Vali kuu nayo iwe ya aina ambayo ikiwa katikati huunganisha mistari yote miwili na tangi. Vinginevyo shinikizo lililonaswa litaendelea kuishikilia vali ya kuzuia ikiwa wazi, na fedha zako zitakuwa zimekwenda bure.

Droo ina vituo vitatu. Kituo cha katikati nakipataje bila kihisi?

Funga silinda mbili za mwendo mfupi mgongo kwa mgongo, fimbo moja ikiwa imeshikwa kwenye fremu na nyingine kwenye droo. Kila silinda ina hali mbili tu, imerudi au imetoka, na kila hali ni mwisho wa chuma. Zikiwa na mwendo unaolingana unapata vituo vitatu. Zikitofautiana, mfano mm 100 na mm 200, unapata vinne: 0, 100, 200 na 300. Silinda ya droo hubeba nguvu ndogo, hivyo mwisho wake hauumii. Hasara yake ni urefu wa mashine na vali moja ya ziada.

Nina silinda mbili zinazosukuma bamba moja, na moja inatangulia. Nizilinganisheje?

Mafuta huenda kwanza kwenye upinzani mdogo, hivyo silinda mbili zilizounganishwa kwa mgawanyo wa kawaida hazitakwenda pamoja kamwe isipokuwa chuma kizilazimishe. Kigawanyi cha mafuta chenye gia husaidia, ila kosa lake dogo hujilimbikiza mzunguko hadi mzunguko kama silinda hazifikishwi mwisho wa mwendo zikajipanga upya. Miongozo mirefu kuliko upana wa bamba, pamoja na vikomo vilivyolingana pande zote mbili, ndiyo tiba. Kama nafasi ipo, silinda moja kubwa katikati ni bora kuliko mbili.

Nitajuaje kwamba marekebisho yamefaulu?

Pima kwa hatua. Kwanza endesha mashine bila udongo mara kumi au zaidi, ukipima umbali kati ya bamba na kifuniko kwa vernia. Andika namba zote kwa mfuatano. Namba zinazoruka juu na chini bila mpango zinaashiria hewa, ulegevu wa pini au uchelewaji wa vali. Namba zinazosogea upande mmoja polepole zinaashiria joto au bolti inayolegea. Kisha rudia ukiwa na udongo, upime tofali kwenye pembe zote nne. Tofauti ya pembe kwa pembe haitokani na mahali pa kusimama, bali na mwinamo wa bamba au droo inayojaza upande mmoja zaidi. Kumbuka pia kwamba tofali hutanuka kidogo linapotolewa katika kalibu, hivyo kimo chake hakiwi sawasawa na nafasi uliyoipima. Linganisha tofali na tofali.

Ni tahadhari gani zisizoweza kurukwa?

Usitafute mvujo kwa mkono. Mafuta yanayochuruzika kupitia tundu dogo kwenye baa 150 hupenya ngozi, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano huhitaji hospitali mara moja, ukimweleza daktari kwamba ni mafuta ya mashine. Pitisha kipande cha katoni badala ya kidole. Kabla ya kurekebisha vikomo, zima injini, achia shinikizo pande zote mbili kwa kusogeza vali, na uweke gogo la chuma au mti mgumu chini ya chochote kinachoweza kushuka. Vibati vya kurekebishia viingizwe kwa koleo lenye mpini mrefu.